Mgonjwa Aliyetoka kwa Dirisha

Vijana wa ofisi ya ustawi wa jamii, siku ile mliponiaga kwa soda na keki yenye jina langu lililokosewa, mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu. Nimekaa nyumbani wiki kadhaa sasa, mke wangu ameshachoka kunikuta kila chumba anachotaka kufagia, kwa hiyo naandika. Habari za vyeo nitaziruka. Zangu ni fupi na hazifurahishi.

Nilipangiwa Mbinga nikitokea kwetu Kondoa. Nilishuka kwenye basi asubuhi nimevaa shati la mikono mifupi, nikakuta stendi nzima imevaa makoti na kofia za sufu, watu wamejikunyata, hawasemi sana. Nikadhani kuna msiba mkubwa mjini. Nikamfuata mzee mmoja, nikamwamkia shikamoo, nikampa pole. Akanitazama kwa muda, akasema, "Marahaba. Pole na wewe, mwanangu. Koti lako liko wapi?" Hivyo ndivyo nilivyopokelewa nyanda za juu.

Ofisini nilikabidhiwa kwa Mama Edeltruda Kapinga, mwenyeji wa pale pale Mbinga, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Wakati huo halmashauri ilikuwa na mpango wa kuwahudumia majumbani wazee na wagonjwa wasiojiweza. Kila kijiji kilikuwa na mhudumu aliyelipwa posho kwa fedha za umma ili awaogeshe, awageuze kitandani, awakatie kucha na kuwapikia uji. Alipewa pia sabuni, mashuka, unga wa lishe na pampasi za watu wazima kwa ajili yao. Sisi tulitakiwa kuhakikisha kwamba mgonjwa yupo, anaumwa kweli, na anahudumiwa. Mnaweza kudhani hayo ni mambo mepesi. Nami nilidhani hivyo mpaka saa nne asubuhi ya siku ya kwanza.

Siku hiyo tulikwenda Mkumbi kwa pikipiki, mimi naendesha, Mama Edeltruda nyuma amekaa upande na mwavuli wazi. Upepo ukaukamata mwavuli, mwavuli ukaikamata pikipiki, tukaiacha njia na kuingia shambani, kwenye mashimo ya ngolo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Niliingia la kwanza, nikatoka, nikaingia la pili. Nilipoinuka na majani ya mahindi mdomoni nilimkuta amesimama kando ya njia, mwavuli bado wazi, sketi haina hata doa. Mpaka leo sijui alishuka lini.

"Ramadhani mdogo wangu," alisema, "mahindi umeyaona. Sasa twende tukawaone wagonjwa."

Katika nyumba ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kitandani kumjulia hali mgonjwa. Mama Edeltruda akanivuta shati. "Anza na kikombe," aliniambia kwa ile sauti yake ndogo. Maana yake ilikuwa hii: mtu asiyeweza kuinuka akihudumiwa vizuri, kikombe chake cha maji huwa karibu na mkono wake. Ukikiona dirishani, ng'ambo ya chumba, hapo hakuna mhudumu, hata kama mhudumu mwenyewe amesimama mbele yako anatabasamu. Kisha tazama kucha. Kisha tazama visigino, maana mtu aliyelala mwaka mzima visigino vyake hulainika kama vya mtoto mchanga. Usimuulize mgonjwa, "Je, mhudumu anakuja?" Atasema anakuja, kwa sababu anamwogopa. Muulize, "Jana ulikula nini, na nani alikupikia?" Hapo utasikia mengi.

Kesi yangu ya kwanza haikuhitaji hata visigino. Tulikuwa tunakula kwa mama lishe njia ya Ngaka, mahali magari ya makaa ya mawe yanapopanga foleni ya kupima uzito. Dereva mmoja akashuka kwenye lori kuagiza wali, na kila hatua aliyopiga ililia chakacha, chakacha, kama mtu aliyevaa mfuko wa nailoni. Akapita wa pili, chakacha. Mama Edeltruda akaweka kijiko chini.

"Mwanangu," alimwita dereva kwa upole, "unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni foleni. Ukishuka kujisaidia wanakupita."

Kumbe pampasi za wagonjwa wetu zilikuwa zinauzwa pale chini ya meza ya nyanya, na wateja walizisifu sana. Mhudumu wa kijiji hicho alikuwa ametuambia kwamba wagonjwa wanazikataa kwa sababu ya mila. Tukaandika taarifa, na kwa mara ya kwanza nikafundishwa namna ya kuiandika: weka ulichokiona na ulichokisikia, mahali, na nani mwingine alikuwepo. Ulichokifikiria kibaki nacho wewe. Nilikuwa nimeandika kwamba madereva "walionekana kuridhika." Akakifuta hicho kipande.

Lakini kesi ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya ziwani.

Kutoka Mbinga ukiteremka milima kuelekea Nyasa, koti unalivua njiani, na ukifika chini unatamani kuvua na shati. Kwenye kijiji kimoja cha pwani ya ziwa tulikuwa na mhudumu aitwaye Gaudensi Hyera, kijana mtanashati, mwepesi wa salamu, ambaye kila alipokutana nasi alikuwa ametoka tu kumwogesha mtu. Mgonjwa wake mkubwa alikuwa Mzee Ditram Komba, aliyepooza upande wa kulia na kupoteza kauli. Mzee huyo pia alikuwa mkwe wake, baba wa mke wake.

Tulimkuta Mzee Ditram amelala chali, blanketi limefika kidevuni, mdomo umepinda kushoto. Kikombe kilikuwa karibu na mkono, kisafi kabisa. Gaudensi alisimama miguuni pa kitanda akaanza kueleza: anamgeuza asubuhi, anamlisha uji, anamwogesha kila siku mwili mzima.

"Mwili mzima?" aliuliza Mama Edeltruda.

"Mwili mzima, mama."

"Wewe unamwogesha baba mkwe wako?"

Huku kwetu sote, Kondoa hata Nyasa, hilo halisemeki wala halifanyiki. Na kabla Gaudensi hajapata jibu, sauti nene ikatoka chini ya blanketi: "Athubutu!"

Tulitazamana. Mzee Ditram akaanza kukohoa kwa nguvu, mdomo ukapinda tena, safari hii kulia. Gaudensi akasema neno hilo humtoka mara moja moja, ni ugonjwa. Mama Edeltruda akainua ncha ya blanketi miguuni, akatazama visigino, akalirudisha taratibu. Nami niliviona. Vilikuwa vimepasuka kama ardhi ya kiangazi, na kwenye mipasuko kulikuwa na mchanga wa ziwa, bado umelowa.

Nilitaka kusema palepale. Mama Edeltruda akanikanyaga mguu.

Tulipotoka uani tukasikia mtu anaita kutoka nyumba ya jirani, kwa sauti ya chini: "Nyie wageni, hamuamkii wakubwa?" Tukaingia. Ndani alikuwepo Bibi Leokadia Nombo, mjane, amelala kwenye mkeka juu ya kitanda cha kamba. Alianguka kwenye mawe ya ziwani akiosha vyombo, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakusimama tena. Visigino vyake vilikuwa laini. Kucha zake zilikuwa ndefu. Mgongoni alikuwa na kidonda ambacho sitakielezea. Lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyetu vyote.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

"Marahaba. Mmetoka kwa aliyepooza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Jana alipita hapa dirishani na kapu la dagaa wa usipa kichwani, anapiga mluzi. Huyo hupooza mkifika, mkiondoka anapoozuka."

Mama Edeltruda alikaa kitandani karibu naye, akamuuliza kama aliwahi kuomba kuandikishwa kwenye mpango. Bibi alisema alimwomba Gaudensi mara nyingi, na kila mara akaambiwa nafasi zimejaa, asubiri mtu afe. "Sasa mimi nitasubirije kifo cha mtu mwenye afya ile?" aliuliza.

Halafu akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi sana. "Lakini msinitaje. Maji ya kunywa naletewa na Mama Winfrida, mke wake Ditram. Ni mama mzuri, ila mume ni mume. Mkinitaja, kesho nitakunywa nini?"

Hapo kesi ikaacha kunichekesha. Tulikuwa na ukweli mkononi na hatukuweza kuutumia. Tukirudi mlimani nilimwambia Mama Edeltruda tuandike tu, visigino vinatosha. Akasema aliyepooza anaweza kutamka neno moja, na mchanga wanaweza kusema walimtoa kuota jua. Na wakianza kujiuliza nani ametuambia, watatazama dirisha la jirani. "Mtu akikukabidhi siri yake," aliniambia, "tafuta ushahidi mwingine ambao yeye hayumo kabisa. Uwe ushahidi ambao kijiji kizima kinao." Kesho yake alimpigia simu sista mmoja wa zahanati, kidonda cha Bibi kikaanza kusafishwa bila kutaja mpango wowote. Hilo pia mlikumbuke: uchunguzi unaweza kungoja, kidonda hakingoji.

Ushahidi wa kijiji kizima ulipatikana kwenye chai. Tuliporudi ziwani bila kutoa taarifa, tulipita kwanza hotelini kunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Wanaume walikuwa wanapita wamevaa kaptula nyeupe, soksi ndefu nyeupe na tai, kwa maana siku hiyo kulikuwa na mashindano ya mganda na kijiji cha jirani. Kwa wageni kama mimi: mganda ni ngoma ya wanaume wa ziwani, wanacheza kwa mistari kama askari wa gwaride waliofurahi, na roho yake ni mpiga ngoma kubwa.

"Na kwenu hapa nani anapiga ngoma kubwa?" Mama Edeltruda alimuuliza mwenye hoteli, akimenya muhogo.

"Mzee Ditram," alijibu mwenye hoteli. "Nani mwingine? Mwaka jana alipiga mpaka wapinzani wakasahau hatua zao."

Mama Edeltruda aliagiza chai nyingine kwa furaha. Kisha akamwendea mtendaji wa kijiji na kumwomba afuatane nasi kumjulia hali mgonjwa. Mtendaji alikuwa mgeni pale, wiki yake ya pili, hakumjua mtu.

Habari zetu zilitutangulia. Tulipofika, Gaudensi alikuwa mlangoni anahema na shati limelowa jasho. Mzee Ditram alikuwa kitandani, blanketi safari hii limefika puani. Joto la ziwa mnalijua. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi masikioni. Nje, hatua kama hamsini kutoka dirishani, wapinzani walikuwa wanamaliza kucheza na vigelegele vilikuwa vingi mno.

"Tusiwasumbue," alisema Mama Edeltruda, akavuta kigoda na kukaa mlangoni. Aliziba mlango wote. "Tunapumzika tu. Mama Winfrida, kama kuna chai?"

Mama Winfrida akaleta chai. Hakututazama usoni. Mama Edeltruda akaipuliza, akanywa kidogo, akaipuliza tena.

Nje ikaja zamu ya wenyeji. Bila mzee wao, ngoma kubwa walimpa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwema aliyehamia kutoka mbali, na akaanza kuipiga kama anayepigilia msumari ambao haoni vizuri uko wapi. Wachezaji walikanyagana. Mtu mmoja akacheka. Kisha wapinzani wote wakacheka.

Nilitazama kitandani. Ncha ya mguu wa kulia, ule uliopooza, ilikuwa inasogea chini ya blanketi. Ilisogea kwa mdundo, sahihi kabisa, tofauti na ule wa nje. Mtendaji naye akaiona. Baadaye ukaanza mguu mzima. Kisha mkono. Gaudensi akajisogeza pole pole akakaa juu ya miguu ya mkwewe, adabu zote zikawa zimekwisha.

"Anapata degedege," alisema.

"Pole zake," alisema Mama Edeltruda. "Mama Winfrida, na sukari kidogo."

Nje mwalimu akaikosa kabisa ngozi, akapiga ubavu wa ngoma. Vicheko vikapaa. Na Mzee Ditram Komba, aliyepooza upande wa kulia na kupoteza kauli, akapiga ukelele, "Anaiua! Anaiua ngoma ya watu!"

Blanketi likaruka na Gaudensi akaruka nalo. Mzee alisimama katikati ya chumba akiwa amevaa shati jeupe, tai nyeusi, kaptula iliyopigwa pasi, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa. Akatazama mlango, akamwona Mama Edeltruda ameujaza. Akatazama dirisha. Kisha akapita dirishani, mguu uliopooza ukitangulia, na tukamwona anakimbia kuelekea uwanjani huku anafunga kamba ya kiatu kwa kurukaruka.

Gaudensi akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba.

"Muujiza!" alisema. "Mmeona wenyewe! Huduma zetu zinaponya!"

Mama Edeltruda akamaliza chai yake. "Gaudensi mwanangu, kama ni muujiza tutamwandikia baba paroko. Kama si muujiza tutamwandikia mkurugenzi. Wewe chagua."

Hatukugombana na mtu pale uani. Tulikwenda uwanjani kama watu wengine, na lazima niseme ukweli, mzee yule alipiga ngoma nikasahau nimekuja kufanya nini. Wenyeji walishinda. Mama Edeltruda alipiga makofi, kisha tukaketi na mtendaji tukaandika tulichokiona sote watatu.

Taarifa hiyo ilipata shida ofisini. Mkuu wetu wa wakati huo aliisoma akaishia kwenye sentensi isemayo, "Mgonjwa alitoka kwa dirisha."

"Alitolewa," alisahihisha.

"Alitoka, bosi."

"Mtu aliyepooza hawezi kutoka."

"Ndiyo hoja yenyewe, bosi."

Alitushauri tuiweke kwanza, mpango usije ukaaibika mbele ya wafadhili na viongozi. Mama Edeltruda alisema sawa, akatoka, akapanda ngazi moja kwa moja kwa mkaguzi wa ndani na nakala yake. Hakumsengenya bosi wala hakupiga kelele. Ngazi ikiwa na mtu amelala juu yake, aliniambia, unamruka kwa adabu. Mkaguzi aliteremka ziwani mwenyewe, na huko akakuta kwamba kati ya watu walioandikishwa na Gaudensi wapo waliokwisha kuzikwa, wapo waliokuwa wanalima muhogo, na wapo wagonjwa wa kweli wasiopata chochote.

Wiki zile sikulala vizuri kwa sababu ya Bibi Leokadia. Gaudensi alikuwa anazunguka kijijini nyumba hadi nyumba akiuliza, "Nani amewaambia?" Nilimwazia Bibi kitandani, kikombe kitupu. Lakini kila aliyeulizwa alimjibu kwa kumcheka: "Aliyewaambia ni mkweo! Tumemwona sote anatoka dirishani!" Hata watoto wakaanzisha mchezo wa kupooza na kuruka dirisha. Hakuna aliyemfikiria bibi wa jirani, na maji yaliendelea kuletwa.

Gaudensi aliondolewa akafikishwa mahakamani. Nasikia siku hizi anaendesha bodaboda huko njia ya Ngaka, na abiria wake wote ni watu waliopo. Mzee Ditram alipewa adhabu ya kufagia uwanja wa zahanati. Nilimkuta siku moja kule, akaegemea ufagio akaniambia, "Bwana Ustawi, nilidhani kulala ni kazi rahisi. Ile miezi ndiyo nilichoka kuliko maisha yangu yote."

Mhudumu mpya alikuwa dada mmoja mwenye mikono yenye nguvu aitwaye Skolastika. Bibi Leokadia alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Nilipokwenda kukagua nilimkuta nje, ameketishwa kwenye kiti chenye mito, kucha zimekatwa, nywele zimeoshwa na kusukwa, anatazama ziwa. Akaanza kwa malalamiko: maji ya kuogea ya moto mno, uji mwepesi mno, na Skolastika anaimba kama mbuzi. Nikamwacha amalize. Kikombe kilikuwa karibu na mkono wake.

Kisha nikainama nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kesi imekwisha, na kwamba jina lake halimo popote.

"Popote?"

"Popote, Bibi. Kama tulivyokuahidi."

Akanitazama kama ninayemdhulumu.

"Ile ilikuwa wakati maji naletewa na mke wa Ditram," alisema. "Sasa naletewa na Skolastika. Liandike. Leokadia Nombo, na N iwe kubwa."

Nikamwambia haiwezekani tena, jalada limeshafungwa na liko Mbinga.

"Basi," alisema, akigeukia ziwa lake, "utatafuta pengine pa kuliandika."